Wataalamu wa maji katika mji usio na mto: jinsi Dodoma ilivyoshindana na Prague kuomba mkutano

Mbele ya bodi palikuwa na miji mikuu miwili. Mmoja ni Prague, mji mkuu wa Jamhuri ya Czech, uliokaa pande zote mbili za mto Vltava. Wa pili ni Dodoma. Bodi yenyewe ni ya mtandao wa wataalamu wa maji ya ardhini wenye wanachama Afrika na Ulaya, nayo ilikuwa inatafuta mahali pa kufanyia mkutano wa siku nne wa watu wapatao 200. Jina la mtandao naliacha, maana barua na hesabu zake ni mali ya wanachama. Nilikuwa kwenye kamati ya maandalizi ya upande wa Dodoma. Nimeona kisa hiki kiandikwe kwa urefu wake kwa sababu taasisi nyingi zilizohamia huku zimeanza kuomba mikutano ya kimataifa, na maombi yao ninayobahatika kuyasoma yanafanana mno.

Tuanze na mshindani. Prague haihitaji kujieleza. Daraja la Charles, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1357 chini ya mfalme Charles IV, mpaka leo linavukwa kwa miguu kutoka Mji Mkongwe hadi chini ya kilima chenye ngome ya wafalme. Kitovu cha kihistoria cha mji kiliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1992. Kwa mikutano nako ina rekodi nzito: Septemba 2000 ilipokea mikutano ya mwaka ya IMF na Benki ya Dunia, na Novemba 2002 wakuu wa nchi za NATO walikaa pale. Kati ya hayo mawili, Agosti 2002, Vltava ilivunja kingo, maji yakaingia hadi kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi na baadhi vikafungwa kwa miezi. Mkutano wa NATO ulifanyika kama ulivyopangwa. Kwa watu wa fani ya maji, mji wa namna hiyo una mvuto mara mbili: ni mzuri, na una kisa cha mafuriko cha kusimulia.

Lakini kuna jambo moja ambalo wajumbe wetu wengi hawakuliona mpaka tulipofungua ramani. Ukumbi wa mikutano wa Prague hauko mtoni. Uko juu kwenye mwinuko, jirani na Vyšehrad, jengo kubwa la zege lililofunguliwa mwaka 1981 likiitwa Kasri la Utamaduni, na kati ya vikao vyake vya mwanzo ni mkutano mkuu wa Chama cha Kikomunisti wa mwaka huo huo. Yeyote anayeujua Ukumbi wa Jakaya Kikwete hapa Dodoma, ambao CCM iliutumia Julai 2015 kumpata mgombea wake wa urais, ataona kwamba hadithi za kumbi hizi mbili zinakaribiana kuliko watu wanavyodhani. Kila mmoja ulianza kama ukumbi wa vikao vya chama tawala. Mshiriki anayeingia ukumbi wa Prague saa tatu asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni ameshinda ndani ya kuta kama angeshinda kwenye ukumbi wetu wa Dodoma.

Tofauti inaanza saa kumi na moja hiyo. Yule wa Prague anashuka kituo cha treni kilicho mlangoni, vituo viwili yuko katikati ya mji, kisha anatembea. Hajaandikiwa kwenye ratiba. Watu 200 wasiofahamiana wanajigawa wenyewe wawili wawili, watatu watatu, wanateremka kuelekea mtoni kwa sababu mto ndiko kila mtu anakoelekea, wanasimama darajani, wanakutana na wengine waliotoka ukumbi ule ule, wanakaa mahali kula. Mhandisi wa visima wa Ouagadougou anajikuta meza moja na mwanajiolojia wa Vienna. Waliowahi kuhudhuria mikutano ya kitaaluma wanajua kwamba miradi ya pamoja, ufadhili wa wanafunzi na hata ajira huzaliwa kwenye saa hizo, mada za ukumbini zikiwa zimefungua tu njia. Hiyo ndiyo kazi halisi ya mto katika mji wa mikutano. Uzuri wake kwenye picha ni sehemu ndogo.

Basi swali la kamati lilipaswa kuwa: mgeni akitoka ukumbini Dodoma jioni, anakwenda wapi na anakwenda na nani?

Rasimu ya kwanza, iliyotoka sekretarieti, haikuligusa swali hilo. Iliandikwa kama taarifa ya utekelezaji. Ilianza na uamuzi wa TANU wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, ikapita tangazo la Rais Magufuli la mwaka 2016 la Serikali kuhama, ikataja Dodoma kupandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 2018, Mji wa Serikali wa Mtumba, Ikulu ya Chamwino, Chuo Kikuu cha Dodoma. Yote ni ya kweli, na kwa Mtanzania yana uzito wake. Kwa mtaalamu wa maji aliyeko Lisbon ni orodha ya majengo. Kwenye jalada waliweka picha ya Bwawa la Mtera, maji yametanda mpaka upeo wa macho. Mtera ni bwawa la mto Ruaha Mkuu, liko mpakani na Iringa, zaidi ya kilomita 100 kutoka jijini. Nia ilieleweka: Prague ina maji, nasi tuonekane tuna maji.

Bodi iliirudisha rasimu na maswali. La maana lilitoka kwa mjumbe wa Nairobi, mama mtu mzima katika fani hii, aliyetupigia simu badala ya kuandika. Alituambia, "Ndugu zangu, mmenionyesha vitu ambavyo kila mji mkuu unavyo. Mimi nataka kujua, hapo mnakunywa maji ya wapi?"

Kuna ukimya mfupi uliopita kwenye ile simu, kisha mhandisi mmoja kijana wa kwetu akajibu: "Mama, tunakunywa ya Makutupora." Ombi la pili lilianzia kwenye jibu hilo.

Nieleze hapa kwa kirefu kidogo, maana ndiyo nguvu yote ya kisa. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni ukavu mtupu. Mto upo, unaitwa Kinyasungwe Ndogo, ila ukiufikia Septemba utakuta mchanga mweupe na nyayo za ng'ombe. Maji yake ya masika huingia bwawa la Hombolo na kuendelea mashariki, huungana na Mkondoa kisha Wami, mwisho Bahari ya Hindi. Jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ililikuta na watu zaidi ya 765,000 limeegemea kwa miongo mingi visima virefu vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora kaskazini mwa mji. Na visima hivyo vina kitu ambacho miji michache sana ya ukanda wetu inacho: kumbukumbu za kina cha maji zilizoandikwa mfululizo tangu miaka ya 1950. Watafiti walizitumia katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wakaonyesha kwamba maji ya bonde lile hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka. Hujazwa kwa mishindo, katika miaka michache ya mvua kubwa, na mshindo mkubwa kupita wote ulikuja na El Niño ya 1997 na 1998. Miaka inayobaki, mji unakula akiba.

Ukimweleza jambo hili mtaalamu wa maji ya ardhini, hatauliza tena habari ya daraja. Hapa kuna mji mkuu unaokua kwa kasi, uliohamishiwa watumishi na wizara zote, unaokunywa akiba iliyowekwa na mvua za miaka michache. Kila mjumbe wa mtandao ule ana mji kama huo nchini kwake au anahofia atakuwa nao.

Ombi jipya likawa na kurasa chache kuliko la kwanza. Picha ya Mtera iliondoka, ikaja ya mchanga wa Kinyasungwe wakati wa kiangazi. Mwenyekiti wetu, mzee mwenye heshima zake katika utumishi wa umma, hakuipenda. "Tunawaita wageni waje kuangalia ukame wetu?" aliuliza, na swali lake lilikuwa halali. Mtu aliyekulia Ugogo, aliyezoea kusikia mkoa wake ukitajwa kwa njaa na jua, ana haki ya kuchoka kuona ukame ukipigwa picha. Tulikubaliana kwamba maelezo chini ya picha yataje visima, kumbukumbu na watu wanaozitunza, ili msomaji aone ujuzi kabla ya kuona shida. Hilo lilibadilisha sauti ya ombi zima, na nadhani pasipo ubishi wa mzee lisingekuwa zuri vile.

Safari pia ilihesabiwa upya. Katika rasimu ya kwanza umbali kutoka Dar es Salaam ulitajwa kama kero ya kuombewa radhi. Zamani ilikuwa kero kweli, basi lilikula siku nzima. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, ni saa zisizozidi nne. Ila mhandisi yule kijana ndiye aliyegundua kwamba reli yenyewe ni somo. Ukitoka Morogoro, treni inapita milima ya Kilosa kwenye mahandaki, jirani na bonde la Mkondoa, mahali ambapo reli ya kati ya zamani, ile ya Wajerumani, imekatwa na mafuriko miaka nenda rudi kati ya Kilosa na Gulwe. Maji yanayoing'oa reli ile yanatoka kwa sehemu huku kwetu kwenye ukavu, kwenye Kinyasungwe. Kwa hiyo safari ikaingizwa kwenye ratiba ya mkutano kama ziara ya kwanza: washiriki wapande treni moja, na mtu wa bonde la Wami asimame awaeleze kilichoko dirishani. Yeyote aliyewahi kuandaa mkutano anajua faida ya pili. Watu waliosafiri pamoja saa nne wakila karanga wanafika tayari wanafahamiana majina.

Kalenda ndiyo iliyotusumbua kuliko vyote, na hili kila mwandaaji wa Dodoma alijue. Ukitaka kujua bei ya chumba Dodoma, uliza kwanza kama Bunge limekaa. Bunge la bajeti linaanza Aprili hadi mwisho wa Juni, kuna vikao vya Januari na Februari, vya Agosti na Septemba, na vya Novemba. Bunge likikaa, pamoja na wabunge huja makatibu, wakurugenzi, maofisa wa taasisi waliokuja kujibu hoja za kamati, waandishi wa habari. Hoteli zinajaa, gesti za Area D na Kisasa zinajaa, kosta za kukodi zinaadimika. Mwaka 2014 mji huu ulibeba Bunge Maalum la Katiba, wajumbe zaidi ya 600 kwa miezi, hivyo uwezo wa kulaza watu upo. Tatizo ni kugombea vitanda vile vile wiki ile ile. Julai na nusu ya kwanza ya Agosti Bunge halipo lakini upepo na vumbi vipo, na Nane Nane ya Nzuguni nayo ina wageni wake. Oktoba ikichanganya na Novemba joto linabana. Tukaichagua wiki ya mwisho ya Septemba, ambayo ina zawadi yake: msimu wa pili wa zabibu unakuwa umetoka tu, na barabarani bado unaweza kukuta ndoo za zabibu zinauzwa.

Kwenye vyumba tulidai mkataba wa maandishi na tukatoa malipo ya awali. Hoteli moja ilikubali kwa mdomo, na wiki chache kabla ya mkutano ikatuambia kuna semina imeingia. Kwa kuwa zile nyingine zilikuwa zimesaini, wageni waliohama walikuwa wachache. Ahadi ya mdomo ya chumba katika mji wenye Bunge haina thamani, hata mwenye hoteli awe mtu mwema kiasi gani.

Sasa jioni. Hapa tulibishana kuliko mahali pengine popote, na naona ndipo kisa hiki kinapowahusu wengine wasio watu wa maji.

Utaratibu wetu wa hafla ya jioni unajulikana. Meza kuu yenye vitambaa, mgeni rasmi, mshereheshaji mwenye kipaza sauti, itifaki imezingatiwa, spika mbili kubwa kama makabati, na hotuba kati ya kila sahani. Ni utaratibu mzuri kwa harusi na kwa kuzindua jengo. Kwa mkutano wa wataalamu unaua kitu kile kile ambacho mto wa Prague unakileta bure, yaani watu kuzungumza na wasiowajua. Kijana wa Kampala hawezi kumsogelea profesa aliyeketi meza kuu, na hata akimsogelea hawasikilizani kwa muziki. Upande mmoja wa kamati ulisema bila meza kuu tutaonekana hatujui kupokea wageni. Upande wa pili ulisema wageni hawa wamekuja kuonana. Suluhu ikawa kuhamisha heshima zote asubuhi: mgeni rasmi afungue mkutano kwa itifaki kamili, apigwe picha, anywe chai ya saa nne na washiriki. Jioni pasiwepo hotuba hata moja.

Na mahali? Tungekuwa na mto tungewaachia mto. Tulichokuwa nacho ni hewa. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua likishazama Septemba joto linakatika ghafla, mbu ni wachache, anga halina wingu. Ni hali ya kukaa nje. Tukakodi uwanja wa wazi wenye mibuyu pembezoni mwa mji, tukaweka majiko ya nyama manne mbalimbali yaliyotawanywa ili foleni zisiwe moja, na viti vichache kuliko watu. Hilo la viti lilipingwa mpaka dakika ya mwisho, nami bado nalitetea. Mtu asiye na kiti anatembea, na anayetembea anakutana na mtu.

Chakula kilikuwa mbuzi, kuku wa kienyeji, ugali wa uwele na mlenda. Muziki uliletwa na kikundi cha Chamwino, bila spika. Wasioujua muziki wa Kigogo wanafikiri ngoma za kiasili ni kelele tu za kusindikiza chakula. Huu ni muziki wa sauti nyingi zinazofumana, zeze na marimba chini yake, ule ule ambao Hukwe Zawose aliupeleka duniani kote. Halafu wanawake wakaingia na muheme, ngoma zimebanwa katikati ya mapaja, mikono inapiga huku shingo na mabega vikijibu. Wageni waliacha sahani. Mama mmoja wa kikundi akampisha mshiriki kutoka Maputo ajaribu, akampigia mapigo mawili matatu polepole ili afuate, na alipokosea akamrudisha mwanzo kwa subira kama anafundisha mjukuu. Walipopumzika, watu hawakurudi kwenye makundi waliyokuja nayo. Nililiona kwa macho yangu, na ndicho kitu pekee nilichokuwa nikikitafuta usiku ule.

Nimetangulia mbele ya hadithi. Kura ya bodi ilikuwa ya karibu, Dodoma ikapata mkutano huo na Prague ikaachiwa unaofuata. Wajumbe wawili waliopiga kura dhidi yetu walieleza sababu, zote za haki: safari ya ndege kutoka Ulaya hadi Dodoma inahitaji kubadilisha usafiri, na uwanja mpya wa Msalato ulikuwa bado haujawa jibu, na wenzao wenye matatizo ya kutembea hawatapata Dodoma njia za miguu na usafiri kama wa Prague. La kwanza treni ililipunguza. La pili hatukuwa na jibu.

Siku ya Mzakwe ndiyo iliyobaki kwenye ripoti za washiriki. Tuliwapeleka kwa mafungu, si wote kwa pamoja, kwa sababu kibanda cha kisima hakiingizi zaidi ya watu kumi. Fundi wa pale, mzee mpole ambaye kazi hiyo ameifanya ujana wake wote, alifungua kifuniko cha kisima cha kupimia, akashusha utepe wenye namba uliozungushwa kwenye gurudumu. Utepe una kichwa cha chuma kinacholia kikigusa maji. Ulishuka, ukashuka, watu wakaanza kutazamana, kisha mlio mdogo ukasikika. Akasoma namba, akaiandika kwenye daftari kwa kalamu ya wino, chini ya namba ya mara iliyopita. Mwanajiolojia mmoja wa Ulaya alimwomba ruhusa ashike lile daftari. Aliligeuza kurasa kimya kwa muda, kisha akamuuliza kwa mkalimani nani atafanya kazi hii akistaafu. Mzee akamwonyesha binti aliyesimama nyuma yake na beseni la vifaa. Swali lile, la nani anarithi upimaji, lilikuja kuwa mada ya kikao kizima kesho yake ambacho hakikuwa kwenye programu.

Jumamosi, waliotaka walikwenda Kolo, wilayani Kondoa, kuona michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Barabara ni lami mpaka pale, ila ni mbali, kama kilomita 180, na kupanda kilima kunahitaji miguu. Ilifaa kwa sababu iliendana na mkutano. Njiani wanapita vilima vya Kondoa ambako mmomonyoko ulikuwa mbaya kiasi kwamba mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), ulioanza mwaka 1973, uliishia kuondoa mifugo yote eneo lile mwaka 1979, na leo uoto umerudi. Na penye mwamba wa Mongomi wenyeji bado wanafanya matambiko, kuomba mvua likiwemo. Mbele ya michoro ile, mpiga hesabu za mvua na mwomba mvua wanaonekana ni watu wa shughuli moja.

Yaliyokwenda kombo nayaeleza kwa ufupi. Umeme ulikatika ukumbini mara moja na jenereta likachelewa kuwaka, mtoa mada akaendelea bila projekta, akasikilizwa vizuri tu. Kosta mbili zilichelewa siku ya Mzakwe. Washiriki kadhaa wa ndani waliuliza posho, na kwa kuwa barua za mwaliko zilikuwa zimeeleza wazi kwamba mwajiri ndiye mlipaji, mjadala haukufika mbali.

Kasoro moja naiona kubwa. Jioni za siku nyingine, ambazo hatukuandaa kitu, wageni walibaki hotelini. Walitaka kwenda Nyerere Square, wakataka kuona Msikiti wa Gaddafi ukiwashwa taa, wakataka kukaa Uhindini au Majengo wale chipsi kama watu wengine. Kutoka hoteli nyingi ni mwendo wa dakika ishirini au thelathini kwa miguu, umbali ule ule ambao mgeni wa Prague anautembea kwa furaha. Hapa njia ya miguu inakatika katikati, mtaro uko wazi, taa zinafika kona moja zinaishia hapo, na pikipiki zinapita pale pale mtu anapotakiwa kutembea. Wakachukua bajaji, wanne wanne na wale wale waliokuwa nao mezani, wakashuka, wakala, wakarudi. Bajaji ni usafiri mzuri, lakini haikutanishi mtu na mgeni mwenzake kama njia ya miguu inavyofanya.

Kwa hiyo ninapoulizwa Dodoma ijenge nini ili ipate mikutano, huwa sitaji ukumbi. Kumbi zipo, za chuo, za chama, za Serikali, na nyingine zinajengwa. Ningetaka njia moja ya miguu, pana, yenye taa na miti, itoke kwenye mahoteli ipite Nyerere Square mpaka stesheni ya zamani, na pembeni yake wauza zabibu, mahindi ya kuchoma na kahawa wapewe nafasi halali ili wasifukuzwe kila wiki. Kilomita chache tu. Kwa hali ya hewa ya jioni tuliyo nayo njia hiyo ingejaa watu mwaka mzima, wenyeji kabla ya wageni. Ningetaka pia ratiba ya Bunge na ya mikutano mikubwa iwe inapatikana mahali pamoja mapema, ili chama kidogo kisije kikagongana na semina ya wizara.

Na kwa anayeandaa ombi lake, fani yako ndiyo ikuonyeshe cha kuuza. Mkutano wa wanasheria au wa watunga sera una Bunge na wizara zote ndani ya mji mmoja, jambo ambalo Arusha na Dar es Salaam haziwezi kulitoa. Wa wanajiolojia una GST, taasisi ya Serikali ya jiolojia na utafiti wa madini, na makumbusho yake ya madini. Wa wakulima wa nchi kavu una mashamba ya mizabibu ya Hombolo na Mpunguzi, yanayovuna mara mbili kwa mwaka kwenye ardhi ambayo wengi huiona haifai. Wapo ambao Dodoma haiwafai kabisa; mkutano ambao washiriki wanakuja na familia zao wapumzike ufukweni, uende pwani.

Kamati yetu haijavunjwa. Tumeshaanza ombi la mkutano mwingine, mdogo zaidi, na safari hii kwenye fungu la jioni tumeacha nafasi wazi. Barua ya kuomba taa na kufunikwa kwa mitaro kwenye kipande cha barabara kati ya hoteli na Nyerere Square imepelekwa kwa wahusika, ramani imeambatishwa, na mhandisi wetu kijana ameipiga hesabu ya mita kwa mita. Tunasubiri majibu ndipo tuandike fungu hilo.